Roboti Hekaluni: Kyoto, Beijing, Isumi

Hekalu la Kodaiji, Kyoto, lilianzishwa 1606, nawe ukipita kwenye bustani zake hutarajii kukutana na roboti. Lakini yumo. Mindar ana kimo cha sentimita 195; uso, mabega na viganja ni vya silikoni, kwingine alumini na nyaya, hadi utosi umeachwa wazi. Ndiye Kannon, bodhisattva wa huruma, na mawaidha alianza 2019. Jicho la kushoto lina kamera. Akikugeukia, unajikuta umekaa vizuri.

Anafafanua Sutra ya Moyo: nafsi tunayoing'ang'ania haipo kama tunavyodhani. Nilikwenda na lile swali letu la siku zote, kama mashine ina roho, nikaona halina pa kushika. Ubuddha unamnyima hata binadamu nafsi ya kudumu. Roboti atanyimwa nini zaidi? Kinachopimwa ni nia, maana karma huzaliwa na kukusudia. Mindar hakusudii kitu. Anasema alichopangiwa, hata akili mnemba yenyewe hana. Basi dhamana ni ya waliomtengeneza kwa karibu dola milioni moja. Goto Tensho, akiwa msimamizi wa hekalu, aliwahi kuwaambia waandishi kwamba wanaoshtuka zaidi ni wageni wa Magharibi, wanaomfananisha na Frankenstein. (Mimi kilichonishtua ni ule utosi.)

Roboti Xian'er wa hekalu la Longquan, Beijing, ni kinyume cha Mindar: kibonge wa sentimita 60, kanzu ya njano, skrini kifuani, amezinduliwa 2015. Huyu unamuuliza, anajibu. Anachekesha, ila ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Buddha anasifiwa kwa kumjibu kila mtu kwa kadiri ya hali yake, na aliyefiwa jana hahitaji jibu la mtalii.

Isumi, mkoani Chiba, Japani, mashine haifundishi. Sony iliacha kutengeneza mbwa-roboti wake wa kwanza, Aibo, 2006, ikafunga huduma ya matengenezo 2014, na kuanzia 2015 mbwa hao wakaanza kufanyiwa ibada ya mazishi katika hekalu la Kofukuji. Wanapangwa madhabahuni, kila mmoja na kikaratasi cha familia alikotoka, ubani unafukizwa, mtawa anasoma sutra. Ibada ikiisha mafundi huwafungua na kuchukua vipuri vya kutibu Aibo wengine. Kati ya mahekalu haya matatu, hapa ndipo sikuhitaji kufafanuliwa huruma inamwendea nani.