Vilima Vilipimwa, Malisho Yakaachwa

Sisi tuliozaliwa Buha kabla ya Uhuru tumekulia kati ya ramani mbili. Ya kwanza ni ya wapimaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Martin Hotine, mwanajeshi Mwingereza, alipitisha upande huu mlolongo wa pembetatu, kipande cha ile kazi ya kufuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, iliyomalizika 1954. Longitudo hiyo inapita karibu kabisa na Kasulu. Walisimama kileleni, wakapima pembe hadi kilele cha mbali, huku mizigo ikipandishwa vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1946 Hotine huyohuyo akapewa kuongoza idara ya upimaji wa makoloni, na kwa picha za ndege zikaanza kutolewa karatasi za 1:50,000, sentimita mbili kwa kilomita moja. Kazi safi, siibezi.

Ramani ya pili ilikaa vichwani mwa wachungaji: bonde gani majani hudumu hadi Septemba, ng'ombe wapitie wapi kwenda majini, miombo ipi ina mbung'o. Hiyo ya mbung'o haikuwa mzaha, maana ugonjwa wa malale ndio uliofanya serikali ihamishe watu huku Kibondo miaka hiyohiyo ya 1930.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji, kuanzia 1972. Miji iliyotawanyika mabegani mwa vilima ikakusanywa barabarani. Kunjua karatasi ya zamani utaona vidoti vyeusi vya nyumba. Nenda penyewe, ni mahame. Malisho hayakuwa hata na kidoti. Yaliachwa meupe, na mgeni akiona weupe husema ardhi haina mwenyewe.

Kizazi changu kilifundishwa kusoma kontua, kikafaulu mitihani, kikaona uchungaji ni kazi ya asiyesoma. Ndiyo maana majina ya mabonde hayakuandikwa, na waliokuwa nayo wengi tumeshawazika. Hapo hatuna wa kumlaumu, si Mwingereza wala operesheni.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekipa kijiji usimamizi wa ardhi yake. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kumsenga na jirani zake, timu ya mpango wa matumizi ya ardhi ikija na GPS, waiteni kwanza wachungaji wazee waliobaki. Njia za mifugo na majina ya mabonde yaingie kwenye ramani ya kijiji kabla mkutano haujapiga kura.