Mabaki Si Makombo



Mama yangu hufuma vikofia vya watoto wachanga kwa mabaki ya nyuzi za sweta: kimoja cha mjukuu, kimoja cha kupeleka wodi ya wazazi. Siku moja nikaona uzi laini ameuweka wa wodini, ule mgumu wa mwanangu. Nikanung'unika. Akasema: "Mwanao ana shangazi watatu. Yule simjui ana nani."

Niliona haya. Ni mimi ninayewasomesha watu Al-Baqara, aya ya 267: tusikusudie kutoa kibaya ambacho wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Kutoa mabaki si aibu. Lakini kabla hujatoa, jiulize: wangu ningemvisha?

Allah atutakabalie. Aamin.