Kericho: Kigari cha rimoti katika mji alikozaliwa Joginder

MSOMAJI, ikiwa una mtoto wa miaka kumi na mmoja nyumbani, huenda unaufahamu mjadala ulioniandama kutoka Nairobi hadi Kericho, mwendo wa kilomita 260 hivi. Kifunguamimba wangu alikuwa amedunduliza pesa za sikukuu kwa miaka miwili ili anunue kigari cha rimoti, tena mfano wa gari la zamani. Lipi? Tulipita Nakuru akisema Mustang. Tukafika Mau Summit angali anasema Mustang.

Sikuwa na neno. Mustang ni gari la Kimarekani lililotoka mwaka wa 1964, refu, la kuvutia. Ila pesa ni zake na zikienda zimekwenda, kwa hivyo nilimwomba binamu yake atuazime chake, tukakijaribu safarini.

Baada ya kupanda milima, mashamba ya majani chai hukujia ghafla. Ni kijani kitupu, kimekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mvua ya alasiri hapa ni jambo la kawaida. Beba sweta. Mgeni asikose kutazama hekalu la Makalasinga, ambako yeyote afikaye hupewa chakula bila malipo.

Tulilala kwa shemeji yangu, ng'ambo ya Litein kwenye barabara iendayo Bomet. Huko si mashamba makubwa ya kampuni bali ni ya wakulima wadogo, na kila mtaa una kituo cha kununulia majani. Lori la kiwanda likipita mara moja baada ya mvua, barabara ya murramu hubaki na mifereji ya kuzamisha mguu.

Hapo ndipo Mustang ilipoaibika. Haikwenda hatua kumi. Tumbo lilikaa juu ya tope, magurudumu yakazunguka bure, na mwanangu akabonyeza rimoti hadi betri zikafifia. Kando yetu alipita mtoto wa hapo na Peugeot 504 ya waya, magurudumu yamechongwa kutoka kwa ndara kuukuu, usukani uko mwisho wa waya mrefu uliofika kifuani pake. Alipita kwenye mfereji ule ule, akarudi, akapita tena. Nadhani alirudi makusudi.

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja majani yake yapimwe alicheka. Tulimwamkia, "Chamgei," akaitikia, "Chamgei mising," kisha akamgeukia mwanangu.

"Kijana wangu, umekuja Kericho na gari la Amerika? Hujui Joginder alizaliwa hapa?"

Mwanangu hakujua. Mimi nilijua nusu tu. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Mwaka wa 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544, gari lililokuwa limekwisha kutumika mashindanoni kabla hawajalipata. Akashinda tena 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Alifariki London mwaka wa 2013.

"Lilikuwaje hilo Volvo, babu?"

"Mgongo wa kobe," mzee akasema, akichora hewani. "Si zuri. Lakini lilifika."

Usiku ule mjadala ulianza upya, safari hii kwa adabu zaidi. Nilimweleza mwanangu niliyokuwa nimeyauliza kwa mafundi. Kigari cha kipimo cha 1:24 hakizidi sana urefu wa kiganja, ni cha sebuleni. Cha 1:10 hukaribia nusu mita, na huweza kukabili changarawe ikiwa tumbo limeinuka na chemchemi ni ndefu. Uliza kama mota na mitambo imekingwa maji. Uliza pia kama gia zake huuzwa peke yake, maana gia ya plastiki ikivunjika na haipatikani, umenunua pambo. Rimoti za gigahezi 2.4 huruhusu watoto wengi kucheza pamoja bila kuingiliana, tofauti na zile za zamani zenye antena ndefu.

Kuna faida nyingine: vingi vya 1:10 vina ganda linalobandulika. Unaweza kununua mwili wa kigari imara, kisha utafute ganda la gari ulipendalo na kulipaka rangi mwenyewe. La PV544 halipo katika kila duka, na nilimwambia hivyo. La Lancer je? Akasema atafikiri.

Asubuhi nilimkuta nje pamoja na yule mtoto wa Peugeot. Mustang ilikuwa juu ya ukuta, imekaushwa. Mwanangu alikuwa ameshika usukani wa waya, anakimbia kuelekea kituoni, na mwenye gari anamfuata nyuma akipiga kelele kwamba akunje kushoto, kushoto, kuna shimo.