Maji ya Kunde kwa Tarakimu

Leo tuziache seva na hifadhidata zipumzike. Mchana naandika programu, usiku nachora. Sina cheti cha sanaa, nimejifunza mwenyewe. Kwa penseli najiweza. Taabu huanza penseli inapowekwa chini: wino, kisha rangi, kisha mwanga. Huyo wa tatu ndiye mkorofi.

Kazi iliyo mezani sasa ni babu. Picha yake iliyobaki ni moja tu, nyeusi na nyeupe, ndogo kama ya kitambulisho. Nyanya anataka kumwona akiwa na rangi, na kwa kuwa ana mtoto wa jicho na macho yanazidi kufifia, kazi yenyewe haingoji. Nilipomwuliza babu alikuwa wa rangi gani, alijibu papo hapo: "Maji ya kunde." Haya, mwana wa kompyuta, nenda kayatafute maji ya kunde kwenye skrini!

Wino kwanza. Natumia GIMP, programu ya bure. Ili mstari uonekane laini, programu huweka pikseli za kijivu kwenye kingo zake. Ukimwaga rangi kwa kifaa cha ndoo, rangi hugotea hapo na kuacha vidoa vyeupe kandokando ya mstari. Dawa yake ni wino kukaa kwenye tabaka la juu peke yake, na rangi kupakwa kwenye tabaka la chini, ipite hadi chini ya mstari. Basi, hilo limekwisha.

Rangi sasa. Kwenye skrini kila rangi ni tarakimu tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kwa ngozi ya babu nilianza na 180, 120, 80. Kivuli chini ya taya kiweje? Njia ya haraka ni kupaka kijivu cha 80, 80, 80 kwa nusu ya uzito, nacho kinaleta 130, 100, 80. Tazama: nyekundu imeshuka, buluu haikuguswa. Ngozi imepoteza joto lake. Njia ya pili ni kuzidisha: unachukua rangi ya kivuli, tuseme 180, 160, 165, unazidisha kila tarakimu na ya ngozi, kisha unagawanya kwa 255. Unapata 127, 75, 52. Nyekundu ni karibu ileile, lakini huyu bado ni mtu aliye hai. Sababu ni kwamba kivuli si rangi iliyopakwa juu ya ngozi, ni mwanga uliopungua, na mwanga ukikutana na ngozi hesabu yake ni ya kuzidisha.

Nilichapisha zote mbili nikampelekea nyanya bila kumweleza lolote. Aliisogeza ile ya kwanza karibu na uso. "Huyu amepakwa jivu," akasema, akairudisha. Ya pili aliishika muda mrefu.

Mng'ao wa paji la uso ulinitesa zaidi. Changanya ngozi ileile na nyeupe nusu kwa nusu, unapata takriban 218, 188, 168, yaani poda. Mng'ao ni mwanga uliodunda juu ya ngozi bila kuingia ndani, kwa hiyo hubeba rangi ya ulikotoka: ubuluu wa anga, au umanjano wa taa ya mafuta. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kutoka ndani, ndiyo maana mng'ao huonekana wazi zaidi juu yake. Doa liwe dogo, kali, na lenye rangi.

Kuna mtego mwingine hapa. Tarakimu 128 haitoi nusu ya mwanga wa skrini, hutoa kama asilimia 22. Nusu yenyewe iko karibu na 188. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, GIMP inaweza kuchanganya rangi kwa kufuata mwanga halisi, nami sasa sichanganyi vingine.

Nimebakiwa na macho. Kwenye picha ile ndogo kila jicho ni pikseli chache tu, na nyanya anasema yalikuwa na wekundu kidogo, "wa moshi, si wa pombe." Jumamosi nakwenda kwake tena na karatasi tatu.