Tete la Ufaransa, Plastiki ya Kanada

Miaka ya mwanzo ya 1990, mpuliza saksafoni wa Tunduma alifahamika zaidi kwa madereva wa malori kuliko kwa wapenzi wa muziki. Kila dereva niliyemjua akivuka mpaka kwenda Nakonde na kuendelea Lusaka, au akishuka Dar es Salaam, nilimpa kikaratasi: ridi za alto, namba 2 na nusu, boksi moja, na kama boksi halipo basi hata mbili tatu. Wengi walisahau. Mmoja alirudi na za klarineti, nyembamba mno kwa alto, tukamshukuru tu kwa moyo wake.

Kwa asiyejua, ridi ni kijibamba cha tete kinachofungwa chini ya mdomo wa saksafoni. Pumzi ikipita, kijibamba kinatetemeka, na mtetemo huo ndio sauti yenyewe. Mbelgiji Adolphe Sax alipata hataza ya chombo chake mwaka 1846. Kiwiliwili ni cha shaba ya manjano ya kung'aa, na watu huiona shaba hiyo wakadhani ndiyo inayolia. Shaba bila ridi ni bomba tu. Tete linalotumika huitwa kitaalamu Arundo donax, na lile lenye sifa kubwa hulimwa mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Ndiko kampuni ya Vandoren, iliyoanza mwaka 1905, inakopata malighafi yake.

Katika bendi yetu ya kanisa shida hii ilikuwa ya kwetu peke yetu, sisi wa domo la bata, yaani saksafoni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao lilikuwa na desturi ya matarumbeta na tromboni tangu huko Ujerumani. Desturi hiyo imeshika mizizi nyanda hizi. Mpiga tarumbeta hana haja na tete. Midomo yake ndiyo ridi. Basi wenzetu wakishatoa vyombo mikobani na kuanza, sisi bado tunalamba vijibamba vyetu, tunavigeuza juani kuona kama ncha imekunjamana, na wao wanacheka.

Tete hunywa maji. Wakati wa mvua, ridi ilivimba na kuwa nzito. Juni na Julai, upepo mkavu na baridi ya Tunduma ukishika, ncha ilijikunja mawimbi kabla sijamaliza pambio la pili. Mwalimu wetu wa bendi, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye dansi, alikuwa na ufundi wake. Ridi nzito aliikwangua kwa wembe au kuisugua kwa msasa laini juu ya kipande cha kioo. Ridi iliyolegea aliifinya ncha yake chini ya sarafu, akaunguza kipande kilichochomoza kwa njiti ya kiberiti, ikarudi kuwa ngumu. Mara moja alichonga ridi kutoka kwenye matete ya mtoni hapa hapa kwetu. Ililia. Kwa bahati mbaya ililia kama bata kweli, naye akaitupa bila kusema neno.

Mwalimu huyo alimhusudu Verckys Kiamuangana Mateta, mpuliza saksafoni wa OK Jazz ya Kongo aliyejitenga na kuunda bendi yake ya Vévé mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa upande wa nyumbani alimtaja Rashid Pembe wa Vijana Jazz. Alitutaka tutafute ile sauti yenye mkwaruzo kidogo, aliyoiita sauti yenye nyama. Kwake nyama hiyo ilitoka kwenye tete na si kwingine. Bendi nyingi za dansi zilikuwa zimeanza kuwaacha wapuliza vyombo na kutegemea kinanda cha umeme, kwa hiyo kila kitu chenye harufu ya plastiki alikitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kupoteza kazi kwa ajili ya mashine.

Kwanza zilitufikia ridi nyeusi za Plasticover, ambazo ni tete lililopakwa ngozi nyembamba ya plastiki. Zilistahimili hali ya hewa kidogo zaidi, basi. Mabadiliko yenyewe yalikuja baadaye, wakati tumeshaacha kuwa Mbeya na kuwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, mpwa wangu aliponiletea kutoka Dar es Salaam ridi moja ya Légère ndani ya kifuko chake. Kampuni hiyo ya Kanada ilianzishwa mwaka 1998 na mkemia Guy Légère pamoja na profesa wa uhandisi, Mark Kortschot. Ridi zao ni za polipropilini, jamii ya plastiki ya ndoo na vyombo vya jikoni, ila hii imetengenezwa ikakamae kwa urefu kama nyuzi za tete.

Niliifunga bila kuilamba, nikapuliza, ikaitika papo hapo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Inalia, mwanangu, lakini haina nyama."

"Itapata, mwalimu. Na kesho alfajiri kuna msiba."

Kuna ukweli katika neno lake. Sauti ya plastiki huwa na makali juu, nami ilinibidi nilegeze mdomo ili kuipunguzia ukali. Tena joto huilainisha: tukishuka Kamsamba, bonde la Momba, ikifika mchana naisikia inapwaya. Na baridi ya Tunduma haikuondoka. Saksafoni yenyewe ikiwa baridi, sauti inashuka chini ya wenzako hata ridi iwe ya dhahabu.

Hoja ambayo sikuikubali ni ile ya asili, kwamba tete ni la asili na plastiki ni ya wageni. Asili ya nani? Tete lile lilizaliwa Var, likavuka bahari, likapanda lori, nasi tukalisubiri kwa miezi. Vyote viwili ni vya kuletwa. Kimoja kinaniruhusu kufika msibani na kupiga, kingine kinanitaka nibembeleze.

Gharama nayo hudanganya. Ridi moja ya plastiki inakaribia bei ya boksi zima la ridi 10 za tete, na ukiigonga ncha umekwisha. Lakini hudumu miezi, na huoshwa kwa maji na sabuni, jambo kubwa kwa vijana wanaojifunza kwa saksafoni moja. Tete lilikuwa likiota ukungu mkobani nasi tukiendelea kulitia mdomoni.

Kilichopotea ni ufundi wa wembe na sarafu. Vijana wangu hawaujui, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Anayeanza leo Tunduma au Vwawa anunue ridi moja ya plastiki namba 2, aiweke kwenye kifuko chake kila akimaliza, na fedha za boksi la pili azipeleke kwa fundi wa kurekebisha pedi za saksafoni.