Kwa SGR hadi Dodoma, Tukitafuta x

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 nilikuwa nikiiona kwenye televisheni tu, hadi nilipopata kikao Dodoma. Pale Stesheni ya Magufuli, Dar es Salaam, begi lilipitishwa kwenye mashine, tiketi ikakaguliwa, na kabla sijakizoea kiti Pugu ikawa nyuma yetu. Treni hii inaweza kufika kilomita 160 kwa saa, lakini chai yangu haikumwagika.

Kando yangu alikaa binti wa darasa la saba pamoja na mama yake. Baada ya shikamoo alifungua daftari: 3x + 7 = 22.

"Anko, hapa saba inahama, inakuwa hasi, si ndiyo?"

Wengi tulikaririshwa hivyo. Nikamwambia hakuna namba inayohama. Tunatoa 7 kila upande, inabaki 3x = 15; tunagawanya kwa 3 kila upande, x ni 5. Unalolifanya kushoto, lifanye na kulia.

Tulipoiacha Morogoro, Uluguru ikiwa bado dirishani, mama akauliza tutafika baada ya muda gani. Nikampa binti umbali: Dar hadi Morogoro kama kilomita 205, Dar hadi Dodoma kama 460. Akakisia wastani wa 120 kwa saa, akaandika 205 + 120x = 460. Alipotoa 205 pande zote akapata 120x = 255, na x ikawa 2.125, yaani saa mbili na dakika saba na nusu.

Kilosa treni ikasimama, watu wakashuka na kupanda. "Mbona hesabu yenu haina vituo?" mama akauliza.

Kweli haikuwa navyo. Tukakadiria kwamba vituo vyote vitakula robo saa, kwa hiyo muda wa kukimbia ni x − 0.25: 205 + 120(x − 0.25) = 460. Tukiwa kwenye mahandaki alikuwa akifungua mabano: 205 + 120x − 30 = 460, 120x = 285, x = 2.375.

Akalinganisha majibu mawili. "Anko, si tungeongeza dakika kumi na tano tu?"

"Tungeongeza, na jibu lingekuwa hilohilo. Ndiyo maana unajua mabano umeyafungua sawasawa."

Hakuridhika. Akaweka 2.375 mahali pa x, akakokotoa hadi akapata 460, ndipo akageukia swali la pili.