Butembo: Fizibu tano kwa siku mbili, na charahani iliyokaribia kuuzwa

BUTEMBO – Asubuhi ya siku ya nne, kijana mmoja wa miaka 24 alikuwa anasukuma pikipiki kwa mikono katika komini ya Kimemi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na tope lilikuwa linashika tairi. Mafuta yalikuwemo. Buji ilikuwa mpya. Lakini pikipiki ilikuwa imezima yote pamoja, injini, taa na klaksoni, kwa mara ya tano ndani ya siku mbili.

Pikipiki hiyo si yake. Ni ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, na kila jioni kijana anapaswa kumpelekea franka 10 000. Kinachobaki ndicho chakula cha watu sita. Siku ya pili na siku ya tatu hakupeleka kitu. Mwenye pikipiki hakugombana naye, alimwambia tu: « Ikifika siku ya posho bila hesabu, nirudishie funguo. Vijana wanaoitafuta kazi hii ni wengi. »

Jamaa hiyo ilitoka Kanyabayonga mwisho wa mwezi wa sita 2024, wakati M23 ilipoingia pale. Walipanda na barabara kupitia Kayna, Kirumba na Lubero, wakalala kwa watu, mpaka wakafika Butembo. Mama alikuwa amebeba kichwani kichwa cha charahani yake, bila meza wala pedali. Vitu vingine vyote vilibaki. Hapa mjini wanakaa chumba kimoja katika nyumba ya mama mjane aliyewapokea bila kuwaomba kodi. Charahani ilipata meza ya mbao za kuokota, na mama akaanza kushona viraka na kufupisha suruali.

Sasa kila mtu anayejua shida ya pikipiki alikuwa na dawa yake. Wa kwanza alisema batri imekufa. Wa pili alisema ni regulateri. Wa tatu alisema nyaya zote zimechoka, anunue kitita kizima kipya. Ukijumlisha vyote, ilikuwa dola 70. Kijana hakuwa hata na 7.

Kila mara tatizo lilikuwa moja: fizibu imekatika. Fizibu ni kile kipande kidogo chenye waya mwembamba ndani, kinachokubali kukatika kwanza ili nyaya nyingine zisiungue. Alikuwa anaweka mpya ya ampea 10, pikipiki inawaka, anabeba abiria wawili watatu, halafu inazima tena. Mara ya nne ilizima jioni kwenye mteremko, abiria akiwa nyuma na lori likishuka nyuma yao. Bila taa, bila klaksoni. Walipona kwa kujitupa kwenye mfereji.

Usiku ule mwenzake wa parkingi alimpa shauri la haraka: « Ondoa fizibu, funga waya wa shaba. Hautakatika tena. » Kweli haukukatika. Asubuhi, baada ya dakika chache, moshi ulianza kutoka chini ya kiti na harufu ya plastiki ikajaa. Kijana aliruka chini, akang'oa waya wa batri kwa mkono, vidole vikaungua. Tanki la esansi lilikuwa karibu kabisa na ule moshi.

Aliporudi nyumbani na kusimulia, mama hakusema neno. Aliifunika charahani kwa kitenge, akaanza kuifunga kwa kamba. Sokoni kulikuwa na mtu aliyekwisha kuitaka. Yule mama mjane ndiye aliyemzuia: « Mama, ngoja. Kabla hujauza mkono wako, mpelekee kwanza papa fundi wa pale chini. Yeye hauzi vipuri, anatengeneza tu. »

Ndiyo sababu kijana alikuwa anasukuma pikipiki siku ya nne asubuhi.

Fundi ni mzee mwenye kibanda cha mabati mawili na jiko la makala. Hakushika bisibisi. Alivuta kigoda, akauliza:

« Kijana, inazima wakati gani? »

« Wakati wowote, Papa. »

« Hapana. Hakuna pikipiki inayozima wakati wowote. Fikiri. Mara ya kwanza ulikuwa wapi? »

Kijana alifikiri. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye rompwe, akizunguka. Mara ya pili akigeuza mbele ya soko. Ya tatu akiingia uani kwa abiria. Ya nne, kwenye mteremko, pale kona inapokata. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: « Kila mara nilikuwa nakata kushoto. »

Katika siku mbili zote, watu watatu walikuwa wamemtajia kipuri cha kununua, na hakuna aliyemuuliza swali hilo.

Mzee alichukua taa ndogo ya breki, ya volti 12 na wati 21, yenye nyaya mbili zilizounganishwa. Akaziweka nyaya hizo mahali pa fizibu. Sababu yake ni nyepesi. Fizibu ikikutana na waya unaogusa chuma inakatika mara moja, na unabaki gizani hujui kitu. Taa haikatiki. Inaruhusu umeme kidogo tu, hata ampea mbili haufiki, kwa hiyo nyaya haziungui. Ila kosa likiwepo, taa inawaka kwa nguvu zake zote. Ukilipata kosa na kuliondoa, taa inafifia yenyewe. Ni shahidi anayekaa palepale wakati wewe unatafuta.

Alikata usukani kushoto, kontakti ikiwa imezimwa. Taa haikuwaka. « Basi kutoka batri mpaka kontakti ni kuzima », alisema. Akafungua kontakti, usukani ukiwa umenyooka. Taa iliwaka hafifu sana, kama kaa linalokufa. Huo ulikuwa ni umeme wa kawaida wa pikipiki. Akasukuma usukani kushoto polepole. Karibu na mwisho, taa ilipasuka kwa mwanga mkali. Kijana alishika kichwa.

Mzee alichomoa klaksoni, taa bado inawaka. Akachomoa taa ya breki, bado. Akachomoa taa za kukatia kona, bado. Maana yake kosa halikuwa katika vifaa, lilikuwa katika waya wenyewe. Alifungua fari ya mbele, akaingiza mkono nyuma ya shingo ya usukani, akakisogeza kitita cha nyaya kwa kidole. Taa ikafifia palepale.

Pale palikuwa na kamba ya plastiki iliyokatika zamani. Kitita kilikuwa kimelegea, na kila usukani ulipokwenda kushoto kilibanwa kati ya chuma na chuma. Waya mmoja mweusi ulikuwa umechubuka, mahali padogo kuliko punje ya mchele, shaba ikionekana. Wengi wangesema mweusi ni masi. Katika pikipiki nyingi za Kichina si hivyo: kijani ndiyo masi, nyekundu inatoka batri, na mweusi unabeba umeme baada ya kontakti. Lakini si pikipiki zote zinafuata rangi hizo, kwa hiyo mzee anapima kwanza, rangi anaiamini baadaye.

Kazi ya kutengeneza haikuchukua saa nzima. Alifungua kwanza upande wa kutoa wa batri, ili ufunguo ukigusa chuma pasitoke cheche. Akakata sehemu iliyochubuka, akaweka kipande kipya cha unene uleule. Ule waya wa shaba wa usiku ulikuwa umeyeyusha nyaya nyingine mbili chini ya kiti, nazo akazibadilisha. Alilehemu viungo kwa chuma alichokipasha kwenye makala, akazungusha tepu ya umeme, kisha akavivika kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Kabla ya kukaza kamba mpya, alikata usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, kuona kwamba nyaya hazivutwi wala hazibanwi. Hapo ndipo akarudisha fizibu ya ampea 10.

« Papa, kwa nini nisiweke ya 30, iwe na nguvu? »

« Ukiweka ya 30, waya ndio utakuwa fizibu. Na juu ya huo waya kuna tanki. »

Mwishoni alipima batri. Injini ikiwa imezimwa, mashine ilionyesha volti 12,5. Injini ikiwaka na kuvutwa kidogo, ilipanda mpaka 14,2. Ingebaki 12 na kushuka, ingekuwa shida ya chaji. Ingepita 15, ingekuwa regulateri. Vyote viwili ambavyo mama alikuwa tayari kuuza charahani ili kuvinunua vilikuwa vizima.

Mzee aliomba franka 15 000: elfu tano ya kazi ya shingoni, na elfu kumi ya nyaya zilizoyeyuka chini ya kiti. « Hiyo kumi umelipia lile shauri la usiku », alimwambia. Kijana alilipa nusu, nusu nyingine aliileta siku ya posho jioni, baada ya kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Funguo zilibaki mfukoni mwake.

Wamotari wa mji huu, hasa wale waliofika juzi na vita na ambao hawajui bado fundi gani ni wa kuaminiwa, wanaweza kushika mambo machache ya mzee huyu. Fizibu ikikatika mara moja, weka nyingine ya nambari ileile. Ikikatika mara ya pili, simama na utafute. Usifunge waya wa shaba wala karatasi ya pakiti ya sigara. Andika kila mara inapozima: ulikuwa unakata upande gani, ulikuwa umeshika breki, ulikuwa umepiga klaksoni, mvua ilikuwa inanyesha? Angalia kwanza mahali ambapo nyaya zinacheza au zinasuguliwa: shingo ya usukani, chini ya tanki, chini ya kiti. Na mtu akikuambia ununue kipuri, mwombe kwanza akipime mbele ya macho yako.

Charahani ilifunguliwa kamba ileile siku. Wiki hii mama anashona kaptula za shule za watoto wa jirani. Kijana naye amefunga chini ya kiti kifuko kidogo chenye fizibu mbili za ampea 10 na taa moja ya breki yenye nyaya mbili. Mwenzake wa parkingi, yule wa waya wa shaba, ameshaiazima mara moja.